Fulana za Maneno ya Bibi

Mimi ni mchapaji wa fulana na hasira zangu ziko karibu. Naanza na hilo ili asije mtu akasema hakuambiwa. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenipa jina la Kibiriti, nikiwa na miaka minne, siku niliyomng'ata daktari wa meno mpaka akaita watu waje kumsaidia. Mtaa ukalidaka hilo jina, na mpaka leo hata wateja wananiita hivyo: "Kibiriti, fulana zangu zimekauka?"

Karakana yangu iko chini, kwetu ni juu, na katikati zipo ngazi kumi na saba ambazo magoti yangu yanazijua moja moja. Zamani hapo chini palikuwa duka la vitambaa la marehemu babu. Wazee wetu walikuja kwa meli kutoka Asia, na Bibi aliletwa akiwa na miaka tisa, pamoja na sanduku la bati ambalo bado tunawekea mablanketi. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila kilikuwa na mwendo wake, kinapanda pale ambapo chetu kinashuka. Lugha ya kwao aliitumia akijikwaa kidole tu. Ndiyo maana sisi wajukuu tunachokijua katika lugha hiyo ni matusi matupu.

Kabla ya fulana nilikuwa karani wa shule. Nikamwambia mkuu wa shule ukweli mbele ya wageni wake, na jioni nikarudi nyumbani na vitu vyangu kwenye boksi. Nikanunua fremu mbili za kuchapia zilizokwisha tumika, nikaanza na picha za simba, mioyo, na maneno ya kuwatia watu moyo. Hazikwenda. Mama yangu mzazi alichukua moja akapigia deki.

Basi siku moja Bibi akashuka kuniletea chai, akanikuta nimesimama katikati ya karakana na viatu vya matope. Bibi alikuwa na namna yake ya kumkaripia mtu. Kwanza atafyonya mara mbili, kisha atavuta ncha ya sikio lake la kushoto, halafu ndiyo maneno yanatoka. Akafyonya, akavuta sikio, akasema, "Viatu mlangoni, akili ndani. Wewe umefanya kinyume."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Bibi, hayo yanauzika!"

"Maneno yangu nimewapa bure miaka yote, hamkuyataka," akasema. "Sasa mtayanunua?"

Kazi yenyewe iko hivi. Unaandika kwa wino mweusi kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Fremu ina kitambaa chembamba cha neti. Unakipaka dawa inayoganda kwa mwanga, unalaza ile karatasi juu yake, unawasha taa kali. Dawa yote inakuwa ngumu, isipokuwa pale mwandiko ulipoweka kivuli. Ukiosha kwa maji, pale panabaki wazi, na wino unapenya hapo kwenda kwenye fulana. Sikutaka herufi za kompyuta. Nilimpa Bibi kalamu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zilizoinama kama watu wanaopanda mlima.

Aliandika saba siku hiyo hiyo, kwa mkupuo mmoja, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo. Ile ya viatu. "Zima taa, baba yako si jua." "Unaumwa? Ni hiyo simu." "Binamu yako ni daktari. Wewe je?" ambayo nilirushiwa mimi kila matokeo ya mtihani yalipotoka, na binamu mwenyewe kweli ni daktari, Mungu amsamehe. "Kopo la biskuti, ndani nyuzi. Na watu ni hivyo hivyo." Ya sita, "Watu watasema nini?" ambayo ilitulea sisi sote kuliko wazazi wetu. Ya saba ilikuwa neno moja tu: "Umekula?"

"Na hiyo nayo ni kichekesho?" nikamuuliza.

"Weka tu," akasema. "Ndiyo mama yao."

Sasa lazima mjue kwamba nyumba yetu haitupi kitu. Mifuko inakaa ndani ya mfuko, rimoti ya televisheni imevalishwa nailoni tangu iliponunuliwa, na karatasi ya zawadi hupigwa pasi ikangoja zawadi nyingine. Fulana ikiharibika katika kuchapwa haiuzwi wala haitupwi, huvaliwa nyumbani. Na fremu moja kubwa, kwa nini ibebe neno moja? Nikaweka ya sita na ya saba pamoja kwenye fremu ile ile, ya sita juu, ya saba chini yake, na ile ya saba nikaiziba kwa selotepu ili wino usipite. Nilikuwa naiwekea akiba siku ya siku.

Fulana zikauzika jamani! Watu wanasimama mlangoni wanasoma zilizoanikwa, wanashikana mabega kwa kucheka. Hata watu ambao wazee wao hawakupanda meli yoyote walikuwa wakisema, "Huyu ni mama yangu kabisa." Binamu Daktari alininunia siku mbili, halafu akaja kununua yake, akawa anaivaa ndani ya koti jeupe. Bibi alikuwa akikaa kwenye kiti chake dirishani juu, anatazama maneno yake yakiondoka barabarani kwenye vifua vya watu. Nilidhani anafurahi. Labda alikuwa anafurahi kweli.

Kilichoanza kilianza kidogo sana. Wiki nilipochapa ile ya viatu, Mama alimkuta Bibi amelala kitandani na viatu vyake vya kutokea, juu ya shuka nyeupe. Mama akaona ni uchovu. Wiki ya taa, nikapanda saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, nikakuta taa zote zinawaka, za sebuleni, za jikoni, za chooni, na Bibi ameketi katikati yake ametulia. Bibi yule yule aliyekuwa akitufukuza gizani tukiwa watoto! Nikazima. Akanitazama kwa mshangao, kama nimefanya jambo la kigeni.

Nilipochapa ya binamu, Binamu Daktari akaja kututembelea, na Bibi akamuuliza kwa upole anafanya kazi gani. Tulicheka. Binamu hakucheka. Alimpima, akammulika macho, akanivuta pembeni akasema, "Ni uzee. Ubongo unachakaa kama goti."

"Mbona unachakaa kwa mpangilio?" nikamuuliza.

"Mpangilio gani?"

Wakati huo hata mimi sikujua nimesema nini. Nilisema tu kwa ukali, kama kawaida yangu, nikateremka ngazi kumi na saba kurudi kazini.

Aliyenifungua macho ni mwuza dawa wa duka la kona. Huyu ni mgeni wa mtaa, alihamia mwaka jana, na hakuwahi hata siku moja kuonana na Bibi, kwa sababu Bibi alikuwa hatoki tena nje ya nyumba. Alikuwa amenunua kwangu ile ya "Unaumwa? Ni hiyo simu," akaona inafaa sana kwa kazi yake. Nikaingia dukani kwake kutafuta dawa ya kichwa. Nikasema kichwa kinanigonga tangu asubuhi.

Akafyonya mara mbili. Akainua mkono, akavuta ncha ya sikio lake la kushoto. "Unaumwa? Ni hiyo simu," akasema, na sauti ikapanda pale ambapo yetu sisi inashuka.

Nywele zilinisimama. Nikamwambia, "Umejifunza wapi hivyo?"

"Kujifunza nini?" akasema. Kisha akautazama mkono wake, uliokuwa bado umeshika sikio, kwa namna ya mtu aliyeona mkono wa mwingine. Akaushusha polepole, akaufuta kwenye sketi yake. Hakuna aliyecheka. Nililipa nikatoka, na dawa yenyewe nikaisahau kaunta.

Tangu siku hiyo nikawa namsikia Bibi kila mahali. Kinyozi anafyonya mara mbili akiona taa ya dukani kwake imeachwa inawaka. Mwanamke nisiyemjua, kwenye foleni ya benki, anamwambia mwenzake kuhusu kopo la biskuti, na mkono uko sikioni. Nilikuwa nageuka kila mara nikitegemea kumwona, na kila mara nilikuta mtu mzima wa watu amevaa fulana yangu. Niliogopa. Sioni haya kusema. Mimi ambaye nimefukuza wezi kwa fimbo ya ufagio, niliogopa fulana nilizozichapa kwa mikono yangu.

Nikapanda juu kumjaribu. Nikamketia karibu, nikamsomea, "Bibi, sikiliza hii: zima taa, baba yako si jua."

Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Akajifuta machozi, akaniuliza, "Nani kasema? Ana akili huyo."

"Ni wewe, Bibi."

"Wee, acha masihara," akasema.

Nikafikiri, kama maneno yameingia kwenye fulana, basi fulana itayarudisha. Nikamletea moja mpya, nikamvalisha mwenyewe, nikampitisha mikono yake myembamba kama miguu ya ndege. Akakaa nayo dakika moja akipapasa herufi zake kwa kidole. Kisha akaivua, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akaniwekea magotini. "Ya watu hii," akasema. "Warudishie."

Wakati huo nilikuwa nimeshachapa sita. Ya sita, ile ya "Watu watasema nini?", ilipotoka, Bibi alisimama dirishani amevaa gagulo tu, akawapungia mkono waliokuwa wakipita. Majirani walisema mengi, na yeye hakujali hata chembe. Ilikuwa imebaki ile ya saba, nayo ilikuwa bado mdomoni mwake.

Nieleze hapo, maana hapo ndipo palipo na jambo lenyewe. "Umekula?" ndilo neno ambalo Bibi hakulifyonyea. Alivuta sikio tu, taratibu, akauliza. Kila Mama alipoingia kutoka sokoni au popote, kabla ya salamu, kabla hajatua mfuko, Bibi alimuuliza, "Umekula?" Na Mama hujibu, "Bado, mama," hata kama ametoka kushiba, kwa sababu akijibu hivyo Bibi huinuka akampakulia mwenyewe. Mama ana miaka sitini na nne. Alipotaka kuolewa na baba yangu, Bibi alikataa katakata, na nyumba hii hii ikakaa mwaka mzima mama na binti hawasemezani. Mwaka mzima! Ila kila mchana Bibi alisimama nje ya mlango wa chumba, akauliza kwa kupandisha sauti, "Umekula?" na kutoka ndani Mama akajibu, "Bado." Sahani ikaachwa mlangoni. Hawakuwa na kamba nyingine.

Nilimweleza Mama kila kitu, jikoni, huku anachambua mchele. Nilidhani atanicheka au atanipiga na ungo. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mimi sijui mambo ya wino wenu. Lakini hiyo moja niachie, mwanangu. Siku mama asiponiuliza nimekula, mimi nitakuwa mtoto wa nani?"

Nilimwapia. Nilimwapia kwa kaburi la baba. Na nilikuwa na maana.

Mtu ataniuliza, basi kwa nini usingeifuta ile fremu? Swali zuri, na mimi nilijiuliza mara mia. Kufuta neti unaimwagia dawa nyingine, inakula kila kitu, unasugua. Sasa kama kuchapa neno kunalitoa mdomoni, kulifuta kunafanya nini? Wewe unajua? Mimi sikujua. Nikaiacha pale pale chini ya selotepu, kama mtu anavyoacha nyoka aliyelala. Na fremu niliihitaji, kwa sababu ile ya sita ilikuwa inauzwa, nayo ilikuwa imeshaondoka kwa Bibi. Maji yakishamwagika hayazoleki. Ndivyo nilivyojidanganya.

Akaja mwenye kantini, mama mnene mwenye kicheko, akitaka fulana thelathini za wafanyakazi wake. Anataka ziandikwe nini? "Umekula?" Eti kamwota mtu akimwuliza hivyo, na akaamka na njaa. Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo hakustahili, akaenda zake ananung'unika kwamba jina la Kibiriti sikupewa bure.

Wiki mbili baadaye mwenye saluni akaagiza fulana kumi na mbili za "Watu watasema nini?" Nikasema hizo hazina shida. Ilikuwa asubuhi ya jua, feni inazunguka, kamba zote tupu zinangoja. Nikaitoa fremu. Selotepu ya zamani ilikuwa imekauka na kukunjamana pembeni, ikitaka kubadilishwa. Rola mpya ilikuwa kwenye droo, ndani ya nailoni yake. Nikaitazama. Nikasikia mkono ukiniuma kuifungua kwa kipande kimoja tu. Kwenye fremu ya pili kulikuwa na selotepu ndefu, bado inashika kidogo, nikaibandua nikaibandika hapa. Sisi ndivyo tulivyo. Tumelelewa kuona dhambi kutupa kitu ambacho bado kinashika kidogo.

Nikachapa ya kwanza, safi. Ya pili, ya tatu. Ninasukuma wino, ninainua fremu, ninaanika. Ya nane, safi. Nikainua fremu kwenye fulana ya tisa, na pale kwenye tumbo la fulana, chini ya "Watu watasema nini?", likawa limekaa neno lingine, hafifu lakini kamili, limeinama, na alama yake ya kuuliza: "Umekula?"

Selotepu ilikuwa imebanduka ncha moja. Basi. Ncha moja.

Nilitukana kwa ile lugha ya kwao. Nikachukua kitambaa na dawa ya kusafishia nikasugua. Wino ukatapakaa kijivu pembeni, lakini herufi hazikusogea. Nikaziangalia zile nane zilizoanikwa, hazikuwa na kitu. Ilikuwa hii moja. Nikaikunja mkononi, nikapanda ngazi mbili mbili, nasema njiani, si kweli, ni uzee, Binamu alisema ni uzee.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake dirishani, mikono imelala magotini. Nikapiga magoti mbele yake. "Bibi, niulize."

"Nikuulize nini?"

"Lile swali lako. La kila siku. Niulize, Bibi, nakuomba."

Akaitazama midomo yangu, kama mtu anayetafuta jambo lilikodondokea. Midomo yake ikafanya kusogea. Akanishika shavu. "Swali gani, binti?" akasema. Maisha yangu yote hajapata kuniita binti. Nililia pale pale, kwa sauti, bila kuficha.

Halafu geti likalia. Saa saba. Mama alikuwa anarudi kutoka sokoni, na nilisikia kandambili zake ngazini, pole pole, kwa sababu ya mfuko. Nikajificha chumbani nyuma ya pazia la mlango kama mwizi. Mama akaingia. Akasimama mbele ya kiti cha Bibi na mfuko wake mkononi, na hakuutua. Akangoja. Mimi nilikuwa namwona upande wa uso tu. Bibi alimtazama kwa adabu, akamtabasamia kama unavyomtabasamia mgeni aliyekosea nyumba. Mama akaendelea kungoja. Vitunguu viwili vikadondoka kwenye mfuko vikabingirika chini ya sofa, na hakuna aliyeviokota.

"Haya," Mama akasema mwishowe, kwa sauti ndogo sana. Akaenda jikoni.

Nilikuwa na ile fulana mkononi na kibiriti cha kweli kwenye meza ya kitanda. Wazo la kwanza lilikuwa kuichoma. Nikashika njiti. Lakini nikamkumbuka mwuza dawa, mkono wake sikioni. Lile la simu halikupotea duniani, lilikuwa kwake. Yote yalikuwa kwa watu, yanatembea mitaani. Nikiichoma hii, neno la Bibi halitakuwa la mtu yeyote. Nikiiuza, ataulizwa mtoto wa mwingine. Na mimi nimelelewa katika nyumba moja tu, na katika nyumba hiyo kilichoharibika huvaliwa nyumbani.

Nikavua blauzi yangu, nikaivaa. Wino ulikuwa bado mbichi, ukanigusa tumboni ukiwa wa baridi, na ile baridi ikaingia ndani, ikapanda polepole mpaka kooni ikakaa. Nikatoka. Nikapita sebuleni mbele ya Bibi, akanifuata kwa macho. Nikasimama mlangoni mwa jikoni.

Mama alikuwa amenipa mgongo anakata nyanya. Mkono wangu wa kushoto ukainuka wenyewe. Nawaapia, sikuuinua mimi. Vidole vikashika ncha ya sikio, vikavuta taratibu. Sikufyonya.

"Umekula?" nikasema, na sauti ikapanda.

"Bado, mama," Mama akajibu bila kugeuka, kama alivyojibu miaka sitini.

Kisha kisu kikasimama. Mgongo wake ukakaza. Akageuka kidogo kidogo, akatazama kwanza kule sebuleni, kwenye kiti cha Bibi, halafu akanitazama mimi, mkono wangu sikioni, halafu akaisoma fulana, juu mpaka chini, na wino mbichi uliokuwa umetapakaa. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimemwapia kwa kaburi la baba.

Aliweka kisu chini. Akanawa mikono, akaikausha kwenye kanga, akavuta kiti cha mezani akakaa, mikono magotini, miguu pamoja, kama mtoto aliyetoka shule.

"Bado," akasema tena, machozi yanamtiririka. "Tangu asubuhi."

Na kutoka sebuleni, kwenye kile kiti cha dirishani, ikaja sauti nyembamba ambayo haikuwa imejibu swali hilo hata mara moja katika maisha yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Na mimi bado," Bibi akasema.

Nikatoa sahani mbili, nikawapakulia.